Tochi Ipimwe kwa Wekundu

Gashonga ni sekta ya vilima katika wilaya ya Rusizi, pande zile za Rwanda ambazo wazee hadi leo wanaziita Cyangugu. Ikweta haiko mbali, kwa hiyo mwaka mzima, masika na kiangazi, jua huzama karibu na saa kumi na mbili jioni na giza hufuata papo hapo. Mama aliyevuka mpaka asubuhi kupeleka mboga Bukavu, akikawia kidogo forodhani na kidogo tena Kamembe akingoja pikipiki ya kumrudisha, atapanda kilima chake usiku. Umeme umesambaa sana miaka hii, na ni jambo la kushukuru. Lakini nguzo hufuata barabara, na nyumba nyingi za vilimani haziko barabarani. Kati ya barabara na mlango kuna njia ya miguu inayopita kando ya matuta, migomba na mifereji, na mvua ikinyesha njia hiyo huwa utelezi mtupu.

Wengi hujimulikia kwa simu. Siwalaumu, ila simu siku hizi ndiyo pochi, ndiyo benki, ndiyo namba ya kuita msaada, na betri yake ikiisha katikati ya kilima vyote hivyo vimekwenda pamoja. Tochi ndogo ya kukaa mfukoni, yenye betri yake yenyewe, bado ina kazi kubwa. Tatizo ni namna tunavyoinunua. Dukani swali huwa moja: inamulika hadi wapi? Muuzaji huielekeza kwenye ukuta wa ng'ambo, doa jeupe linang'aa, bei inapatanwa. Hakuna anayeuliza ndani yake mna chipu gani ya LED, na hiyo chipu inaonyesha rangi gani na kuficha ipi. Nadai kwamba kwa mtu wa Gashonga, na kwa wengi wetu Afrika Mashariki, hilo ndilo swali la kwanza, na kwamba rangi ya kuipimia ni nyekundu.

Kuelewa sababu yake, yafaa kujua mwanga mweupe wa LED unatengenezwaje. LED ya kwanza ya mwanga unaoonekana vizuri kwa macho ilikuwa nyekundu. Nick Holonyak aliiunda mwaka 1962 akiwa General Electric, Marekani. Ya buluu iliwatoa jasho wanasayansi kwa miaka thelathini zaidi. Isamu Akasaki na Hiroshi Amano walifanya kazi Nagoya, Shuji Nakamura akafanya yake katika kampuni ya Nichia, na mwaka 1993 Nichia ikatangaza LED ya buluu yenye mwanga mkali. Mwaka 1996 kampuni hiyohiyo ikaanza kuuza LED nyeupe. Watatu hao walipopewa Nobeli ya fizikia mwaka 2014, kamati ya tuzo iliwataja watu zaidi ya bilioni 1.5 duniani wasiofikiwa na gridi ya umeme, ikisema taa hizi zinaweza kuwabadilishia maisha. Vilima kama vya Rusizi vilikuwa katika hesabu hiyo.

Sasa, hakuna chipu inayotoa mwanga mweupe yenyewe. Chipu hutoa buluu. Juu yake hupakwa tabaka la unga wa njano, unaonyonya sehemu ya buluu hiyo na kuirudisha kama njano. Buluu iliyopenya na njano iliyozaliwa zikichanganyika, jicho huona nyeupe. Ni werevu mkubwa, lakini mchanganyiko huo una pengo: nyekundu ya kweli ni haba mno. Inawezekana kuiongeza kwa kuchanganya unga wa aina nyingine, na watengenezaji wanajua kufanya hivyo. Kwa nini basi wengi hawafanyi? Kwa sababu lumeni, kipimo cha wingi wa mwanga, huhesabiwa kwa kufuata uwezo wa jicho, na jicho letu lina uwezo mkubwa kwenye kijani na njano, mdogo kwenye nyekundu iliyokolea. Nishati inayotumika kuzalisha nyekundu huongeza lumeni chache tu kwenye boksi. Anayekimbiza lumeni huitupa nyekundu kwanza.

Hiyo ndiyo hasara ambayo mnunuzi haioni dukani, kwa sababu ukuta hauna wekundu wa kumfichulia kitu.

Tuutoe ukuta, tuweke kahawa. Rusizi ni nchi ya kahawa, na msimu wa mavuno huanza karibu Machi na kuendelea hadi katikati ya mwaka. Mkulima huchuma mchana, huleta mzigo kituo cha kuoshea alasiri au jioni, na kahawa hiyo lazima imenywe siku ileile, kwani ikilala na ganda lake huanza kuchacha ovyo na ladha huharibika. Ndiyo maana mashine za kumenya huunguruma usiku. Kabla ya mashine kuna kuchambua: mbivu nyekundu zibaki, zenye ukijani na uchungwa zitolewe, zilizopitiliza hadi zikawa nyeusi zitolewe pia. Bei ya msimu mzima imesimama juu ya kazi hiyo ya macho na vidole. Mulika rundo lile kwa tochi ya mwanga wa kibuluu yenye nyekundu haba, na tunda lililoiva vizuri hugeuka kahawia, karibu kufanana na lililopitiliza. Mchambuzi hakosei kwa uzembe. Ameondolewa ile rangi anayotakiwa kuitafuta.

Au tuingie nyumbani. Rwanda ina wajumbe wa afya wa vijiji, abajyanama b'ubuzima, waliochaguliwa na majirani zao. Mtoto akishikwa na homa usiku, hodi hupigwa kwa mjumbe kwanza, si hospitali. Mjumbe hutoa tone la damu kidoleni, huliweka kwenye kipimo cha haraka cha malaria, kisha husubiri mstari. Mstari ule ni wa rangi nyekundu, na mara nyingine huwa hafifu sana juu ya karatasi nyeupe. Anapopima utapiamlo hufunga mkononi mwa mtoto utepe wenye kijani, njano na nyekundu, na uamuzi wa kumpeleka au kutompeleka kituo cha afya hutegemea rangi aliyoiona. Jeraha nalo linasomwa kwa wekundu wake. Mama aliyejifungua, damu yake inasomwa kwa wekundu wake. Sidai kwamba tochi nzuri hugeuka daktari. Kwa mfano manjano ya mtoto mchanga yatazamwe kwa mwanga wa mchana, na hakuna tochi ya mfukoni inayotosha badala yake. Ninachodai ni kwamba mtu tuliyemkabidhi maamuzi haya saa nane za usiku apewe mwanga usiomdanganya.

Kipimo cha jambo hili kipo, na huandikwa kwa herufi CRI. Mwanga wa jua ni 100. LED za kawaida za tochi ziko karibu na 70, nzuri hufika 90 na zaidi. Hapa pana mtego ambao hata baadhi ya wauzaji wenye nia njema hawaujui. Namba hiyo ni wastani wa rangi nane, na zote nane ni rangi zilizopauka. Nyekundu iliyokolea haimo katika wastani. Ina namba yake ya pekee, R9. Chipu inaweza kupata 80 kwenye CRI huku R9 yake ikiwa karibu na sifuri, na zile za 70 mara nyingi R9 yake huwa chini ya sifuri. Kwa hiyo mtu akikuambia tochi yake ina rangi halisi, muulize R9 ni ngapi. Akijua jibu, umempata muuzaji.

Jambo la pili ni joto la rangi, linalopimwa kwa kelvini. Taa ya mafuta, agatadowa tuliyokulia chini yake, ilikuwa karibu 2000. Balbu ya zamani ya waya ni kama 2700. Jua la mchana ni 5000 na kitu. Tochi nyingi za sokoni ni 6500 au zaidi, ule weupe wenye ubuluu. Wapo wanaoona mwanga wa kibuluu ndio wa kisasa na wa njano ni wa kimaskini, kwa kuwa unawakumbusha moshi na harufu ya mafuta ya taa. Nawaelewa. Hata hivyo kwa njia za miguu za Rusizi, zenye udongo mwekundu, majani makavu na mizizi, mwanga wa kelvini 4000 hadi 4500 hutenganisha vitu vizuri zaidi: mzizi unaonekana mzizi, tope linaonekana tope, na nyoka hachanganyiki na fimbo. Wadudu nao huufuata kwa uchache zaidi, kwa sababu wengi wao huvutwa na buluu na rangi zilizo ng'ambo ya buluu.

Kuhusu ukungu, ambao wanaoishi kuelekea msitu wa Nyungwe wanaujua vizuri, kuna imani kwamba mwanga wa njano hupenya. Lakini matone ya ukungu ni makubwa mno kulinganisha na mawimbi ya mwanga, kwa hiyo hutawanya rangi zote karibu sawasawa. Kinachosaidia ni kupunguza nguvu ya tochi na kuishika chini, usawa wa goti, ili mwanga usirudi machoni. Mwenye tochi ya makali yasiyopungua ataona pazia jeupe tu.

Nimekuwa nikitetea nyekundu, lakini kuna watu katika wilaya hiyohiyo ambao ushauri wangu ungewaharibia kazi. Wa kwanza ni wavuvi wa sambaza wa ziwa Kivu. Samaki huyu aliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwaka 1959, na huvuliwa usiku kwa taa: mitumbwi iliyofungwa pamoja, wavu chini, mwanga juu, samaki wakipanda kuufuata. Maji humeza nyekundu katika mita chache za mwanzo, na kinachoshuka mbali ni buluu na kijani. Mvuvi anayelipia nyekundu analipia kitu kinachofia juu ya maji. Weupe ule mkali wa kibuluu ndio wake, na wavuvi walipoacha taa za mafuta ya taa na kuhamia LED walifanya jambo la busara kwa mapafu yao na kwa mifuko yao.

Wa pili ni wa irondo, wale wanakijiji wanaolinda usiku kwa zamu. Wao wanataka kuona ng'ambo ya bonde. Kuona mbali hakutokani na wingi wa lumeni. Hutokana na udogo wa chipu inayotoa mwanga huo na upana wa kikombe kinachoukusanya. Kiwango kinachotumiwa na watengenezaji makini tangu 2009, ANSI FL1, huhesabu umbali hadi pale mwanga unapobaki kama wa mbalamwezi pevu. Mwanga wa kandela 10,000, kandela ikiwa kipimo cha ukali wa mwanga kuelekea upande mmoja, hufika mita 200. Ukitaka mita 400 hutahitaji kandela 20,000, utahitaji 40,000. Chipu ya Osram ambayo mafundi huiita W1, yenye uso wa milimita moja ya mraba, hufanya kazi hii vizuri ndani ya tochi ndogo. Rangi zake ni za kawaida tu. Lakini hata kwa irondo ningeuliza: mkishamwona mtu ng'ambo, asubuhi mtamwelezaje kiongozi wa kijiji? Shati jekundu au la kahawia? Kwenye doria ya watu kadhaa, mmoja akiwa na tochi ya mbali na mwingine na ya rangi halisi, wamekamilika.

Kwa mtu mmoja na mfuko mmoja, chaguo langu liko wazi. Nichia 519A, iliyotoka miaka ya karibuni, hupatikana kwa daraja lenye CRI isiyopungua 90 na R9 isiyopungua 80, na kwa kelvini 4500 ndiyo ningempa mjumbe wa afya au mchambuzi wa kahawa bila kusita. Luminus SST-20 ya kelvini 4000, yenye CRI ya 95, iko karibu nayo na humulika mbali kidogo zaidi; ni nzuri kwa anayetembea njia ndefu. Samsung LH351D ya CRI 90 ina ufanisi mkubwa na hutandaza mwanga kwa upana, jambo zuri ndani ya nyumba, ingawa baadhi yake zina ukijani unaofanya ngozi ya mtu ionekane kama ya mgonjwa. Zile za Cree za jamii ya XP na XHP ndizo zilizoenea zaidi. Ni imara na zina mwanga mwingi, lakini nyingi kati ya zinazowekwa kwenye tochi ni za CRI 70 na weupe wa kibuluu, na baadhi hutupa doa lenye kiini cha rangi moja na pete ya rangi nyingine.

Pingamizi la kawaida ni kwamba chipu za rangi nzuri hutoa lumeni pungufu kwa umeme uleule, pengine robo. Ni kweli. Lakini jicho halipimi mwanga kama mizani ya sokoni. Punguzo la robo, ukiwa njiani, hutalitambua. Nyekundu iliyorudi utaitambua mara moja. Tena kutembea hakuhitaji mwanga mwingi. Lumeni 30 hadi 50 zinatosha njia ya miguu, na kwa kiwango hicho chipu nzuri hula kama nusu wati. Betri moja ya lithiamu ya ukubwa wa 18650, yenye saa-wati kumi hivi, humulika usiku mzima na kubaki.

Kwa hesabu hiyohiyo unaweza kupima tangazo la lumeni 10,000 unaloliona kwenye boksi la tochi ya betri moja. Kwa lumeni 100 kwa kila wati, mwanga huo ungehitaji wati 100. Betri ingekwisha kwa dakika sita au saba, na chuma kingekuunguza kiganja kabla ya hapo. Namba ile ni uongo, na inamlenga mtu ambaye shilingi au faranga yake haina nafasi ya kupotea. Utafiti wa Mradi wa Lumina kuhusu tochi za LED nchini Kenya, uliochapishwa mwaka 2010, uliorodhesha malalamiko ambayo mnunuzi yeyote wa Kamembe angeyatambua: swichi kufa, betri kutoshika chaji, mwanga kufifia upesi. Mpango wa Lighting Africa wa Benki ya Dunia, ulioanza 2007, ulijibu kwa kuweka vipimo vya ubora vya taa za sola, pamoja na sharti kwamba kilichoandikwa kwenye boksi kiwe kweli. Taa za sola za nyumbani zilinufaika. Tochi ya mfukoni imebaki nyuma, inauzwa kwa maneno matupu.

Hadi hali hiyo itakapotengemaa, mnunuzi ajipimie mwenyewe. Asielekeze tochi ukutani. Aingie pembe yenye giza ya duka, amulike kiganja chake kwa karibu. Kiganja chini ya mwanga mbovu huonekana kijivu, kama cha mtu aliyeishiwa damu. Chini ya mwanga mzuri damu huonekana chini ya ngozi. Kisha amulike nyanya mbivu, au noti yenye rangi nyingi. Akipunga mkono haraka mbele ya mwanga na kuona vidole vimekatika vipande vipande, tochi hiyo inawaka na kuzima kwa kasi ili kujipunguza, na itamchosha macho. Mtihani wote haufiki dakika mbili na hauhitaji chombo.

Kuna njia nyingine inayonipa matumaini zaidi, na iko mikononi mwa mafundi simu na redio wa Kamembe. 519A, SST-20 na LH351D zote zina kitako cha milimita 3.5 kwa 3.5, sawa na zile za Cree XP zilizomo kwenye tochi nyingi za chuma. Chipu yenyewe ikinunuliwa peke yake ni dola chache. Fundi anayejua kubadilisha sehemu ya kuchajia simu ana mkono wa kutosha kuipasha moto sahani ya tochi, kuinua chipu ya zamani na kukalisha mpya, mradi aangalie pande za chanya na hasi na apake mafuta ya kupitisha joto chini ya sahani. Chuo cha ufundi kikilifanya hili kuwa somo la wiki moja, tochi nyingi zilizokwisha kununuliwa zingepata macho mapya bila kuagiza tochi nyingine kutoka nje.

Na kwa Bodi ya Viwango ya Rwanda nina ombi, pamoja na wenzao wa Kenya, Tanzania, Uganda, Burundi na Kongo, kwa sababu tochi inayokataliwa upande mmoja wa daraja la Rusizi huingia kwa upande wa pili. Boksi la tochi liandikwe mambo manne: lumeni baada ya nusu dakika ya kuwaka, kama kiwango cha FL1 kinavyotaka, saa ambazo mwanga huo unadumu, CRI, na R9. Yaandikwe kwa lugha ambazo mnunuzi anazisoma, Kinyarwanda na Kiswahili, kwa herufi kubwa kama zile za lumeni. Na tochi yoyote inayonunuliwa kwa fedha za umma kwa ajili ya wajumbe wa afya isipokelewe kama R9 yake haifiki 50.